Usiilaumu Baiskeli, Pima Kiti Chake

Je, ukishuka kwenye baiskeli baada ya safari ndefu unatembea kama mtu aliyepigwa? Magoti yanauma? Viganja vimekufa ganzi? Makalio yanawaka moto? Kama ni hivyo, hauko peke yako. Watu wengi vijijini huendesha baiskeli kila siku huku wakiumia, na wanadhani ndivyo baiskeli ilivyo. Wengine husema ni uzee. Wengine husema baiskeli ni mbovu, wakaiuza kwa bei ya kutupa.

Leo tutaeleza jambo hili. Mara nyingi kosa si la baiskeli wala la umri wako. Kosa ni kwamba baiskeli haijapimwa kwa mwili wako. Nguo tunapeleka kwa fundi cherehani atupime mabega na kiuno. Lakini baiskeli tunainunua dukani na kuipanda hivyo hivyo ilivyo.

SHEMEJI NA MAZIWA

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, huuza maziwa. Kila asubuhi hufunga madumu mawili ya lita 10 kwenye keria na kwenda mjini. Ni kilomita 14 kwenda na 14 kurudi. Njia nzima ni ya changarawe, na karibu na daraja kuna mlima mmoja mkali.

Mwaka juzi alianza kulalamika goti la kulia. Mwanzoni liliuma jioni tu. Baadaye likawa linauma njiani, hata akawa anashuka mlimani na kusukuma. Alichua kwa mafuta. Alimeza vidonge vya dukani. Mwisho akamwambia kaka, "Baba, uza baiskeli hii. Maziwa nitawapa wachuuzi wayachukue hapa hapa nyumbani."

Kaka alinyamaza. Wote tunajua bei ya wachuuzi. Pesa ya maziwa ya mjini ndiyo inayonunua madaftari na sare za watoto. Ya wachuuzi haifiki.

Siku moja nilikuwa njiani nyuma yake, nikamtazama. Kila pedeli ilipofika juu, goti lake lilipanda karibu na kifua. Hata pedeli ilipofika chini kabisa, mguu wake haukunyooka. Nikamwita asimame.

"Shemeji, nani alikushushia kiti hivi?"

"Mimi mwenyewe, shemeji. Nataka miguu yote miwili ifike chini nikisimama. Nikianguka na maziwa, si nimekwisha?"

Basi hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe.

KWA NINI KITI CHA CHINI KINAUMIZA

Hebu jaribu jambo hili nyumbani. Jitwike ndoo ya maji, chuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino, kisha inuka. Umeona jinsi magoti yanavyolia? Sasa jitwike ndoo hiyo hiyo, kunja magoti kidogo tu, kisha inuka. Ndoo ni ile ile na miguu ni ile ile, lakini kazi imepungua sana. Goti lililokunjwa mno hubanwa kwa nguvu sehemu ya mbele, pale penye kifupa kama kifuniko. Goti lililokunjwa kidogo hubeba mzigo bila taabu.

Anayeendesha kwenye kiti cha chini anachuchumaa na kuinuka safari nzima. Mara ngapi? Tufanye hesabu. Baiskeli kubwa ya kawaida, isiyo na gia za kubadilisha, huenda karibu mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kilomita 28 ni mita 28,000. Gawa kwa 5. Utapata 5,600. Shemeji alikuwa akichuchumaa na kuinuka mara 5,600 kwa kila goti, kila siku. Goti gani lingenyamaza?

JINSI YA KUPIMA KITI

Kazi hii inahitaji watu wawili, ukuta na spana. Baiskeli nyingi za kawaida hutumia spana namba 13 au 14 kwenye nati ya kiti. Kama huna, azima kwa fundi.

Vaa viatu unavyovaa safarini, maana soli nene na soli nyembamba hazipimi sawa. Egemeza baiskeli ukutani, au mwenzako aishike. Panda, kaa katikati ya kiti, usiinamie upande. Zungusha pedeli kinyumenyume mpaka moja ifike chini kabisa. Sasa weka kisigino juu ya pedeli hiyo. Mguu unatakiwa unyooke sawasawa, na kisigino kiguse pedeli bila wewe kujivuta upande mmoja. Goti likibaki limekunjika, kiti kiko chini. Kisigino kikining'inia hewani, kiti kiko juu mno.

Kumbuka, kisigino ni cha kupimia tu. Ukianza safari, kanyaga pedeli kwa sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole. Ukifanya hivyo goti litakunjika kidogo hata pedeli ikiwa chini. Huo ndio mkunjo mzuri. Wengi wetu tunakanyaga kwa katikati ya unyayo au kwa kisigino, na nguvu inapotea. Na kandambili hazifai, huteleza wakati wa mvua. Katambuga za tairi hushika vizuri zaidi.

Kwa wale wanaopenda hesabu, iko njia nyingine. Mwendesha baiskeli wa mbio wa Marekani, Greg LeMond, aliitangaza katika miaka ya 1980. Simama bila viatu, mgongo ukutani, shika kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kiguse juu kabisa. Mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 88, kisha gawa kwa 100. Mfano: umepata sentimita 76. Mara 88 ni 6,688. Gawa kwa 100, ni karibu sentimita 67. Huo ndio urefu kutoka katikati ya mhimili wa mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Lakini hesabu hii ni pa kuanzia tu. Mwili wako ndio utakaosema mwisho.

Sasa sikiliza vizuri. Kama kiti chako kimekuwa chini miaka mingi, usikipandishe chote siku moja. Misuli imezoea ubaya. Pandisha sentimita moja, yaani kama upana wa kidole kidogo. Endesha siku tatu au nne. Pandisha tena. Na usilivute bomba la kiti mpaka likaribie kutoka. Libaki ndani ya fremu angalau upana wa vidole vinne. Bomba likiwa fupi, fundi akuwekee refu. Bomba linalokatika au kuchomoka ukiwa mwendoni linaweza kukuumiza vibaya.

Utajuaje umefika? Maumivu yenyewe yatakuambia. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti bado kiko chini. Likiuma nyuma, kwenye mkunjo, mara nyingi kiti kimepita kiasi. Mwambie mwenzako akutazame kwa nyuma unapoendesha. Kama nyonga zinayumba kushoto na kulia kama bata, shusha kidogo. Lakini goti lililovimba, au linalouma hata usiku ukiwa umelala, si la spana. Hilo lipeleke zahanati.

HOFU YA KUANGUKA

Shemeji aliposikia kiti kinapanda alikataa. "Nitasimamaje?" Swali lake lilikuwa la haki. Kiti kikiwa sawa, ukikaa juu yake miguu haikanyagi chini vizuri. Ni ncha za vidole tu zinazogusa, au hata hazigusi.

Jibu ni hili: mtu hasimami akiwa amekaa. Ukitaka kusimama, bana breki, peleka pedeli moja chini, simama juu yake kwa mguu huo, na makalio yatoke kwenye kiti kwenda mbele. Baiskeli ikikaribia kusimama, mguu wa pili unatua ardhini. Kuondoka ni kinyume chake. Pedeli moja iwe juu kidogo kwa mbele, ikanyage, inuka, kaa. Kwa baiskeli yenye bomba la juu, mwanamke aliyevaa khanga hupata shida kweli. Baiskeli ya bomba la chini inamfaa zaidi. Kama haipo, suruali chini ya khanga inasaidia. Asiwepo wa kumcheka.

Tulifanya mazoezi uwanjani kwa jioni tatu, madumu yakiwa matupu. Siku ya kwanza alianguka mara moja, tukacheka wote. Siku ya tatu alisimama mwenyewe mbele ya duka bila kuyumba. Ndipo tukapandisha kiti.

KITI KISITAZAME MBINGUNI

Urefu si yote. Tazama kiti chako kwa ubavu. Weka ubao mnyoofu juu yake. Ubao ulale sawa, kama maji yaliyotulia. Pua ya kiti ikipanda juu, inabana sehemu za siri, na mtu hufa ganzi huko. Wanaume kwa wanawake wanalipata jambo hili, lakini wanaona aibu kusema. Ukipata ganzi hiyo, usivumilie. Shuka upumzike, kisha rekebisha pua ya kiti. Ikishuka mno nayo ni vibaya. Utateleza mbele na uzito wote utaangukia mikononi.

Kiti pia husogea mbele na nyuma. Chukua uzi, funga nati mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi. Mwenzako aishike baiskeli iwe wima. Kaa, pedeli zikiwa sawa, moja mbele na moja nyuma. Shika uzi usoni mwa goti la mbele. Nati ining'inie karibu na katikati ya pedeli. Ikiangukia mbele sana, sogeza kiti nyuma. Ikiangukia nyuma, sogeza mbele. Tofauti ya kidole kimoja si neno.

Wengine hufunga sponji nene juu ya kiti wakidhani watastarehe. Kwa safari fupi ni sawa. Kwa safari ndefu mifupa ya makalio huzama, na sponji huja kubana pale pasipotakiwa. Kiti kigumu kidogo, chenye upana unaotosha mifupa hiyo, ni bora. Wanawake wengi wana mifupa hiyo kwa upana zaidi, basi kiti chembamba cha mbio huwatesa. Na kama springi moja imekatika, utakaa upande mwaka mzima halafu ushangae mgongo unauma.

USUKANI NA BREKI ZA VYUMA

Viganja vinavyokufa ganzi na shingo inayokauka huonyesha kwamba uzito umelemea mikono. Kwanza hakikisha pua ya kiti haikushuka. Kisha tazama usukani. Kwa mtu wa safari za kawaida, usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Viwiko vikunjike. Mikono iliyonyooka kama mti hupeleka kila shimo la barabara moja kwa moja mabegani.

Kupandisha usukani wa baiskeli ya kizamani kuna siri yake. Legeza bolti ya juu mizunguko mitatu au minne, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu yake na ugonge kidogo kwa nyundo. Utasikia inashuka. Sasa usukani utapanda. Hapa pia bomba libaki ndani upana wa vidole vinne. Kaza. Kisha simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, jaribu kuusokota usukani. Usizunguke.

Angalia sana jambo linalofuata. Kama breki zako ni za vyuma, si za waya, vyuma hivyo vimeungana na usukani. Ukipandisha usukani, vyuma navyo vinavutwa juu. Breki zitang'ang'ania rimu, au zitakaa vibaya na zisishike. Kwa hiyo usiondoke nyumbani kabla ya kurekebisha vyuma vya breki na kuzijaribu ukiwa unatembea kwa miguu. Kama huwezi, mwite fundi.

BINGWA ALIYEUMIA

Msidhani mambo haya ni ya watu wa vijijini peke yetu. Eddy Merckx wa Ubelgiji alishinda mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France, mara 5, mwaka 1969, 1970, 1971, 1972 na 1974. Mwezi Septemba 1969 alianguka vibaya katika uwanja wa mbio wa Blois, huko Ufaransa. Mwenzake aliyekuwa mbele yake kwenye chombo cha injini, akimwongoza, alikufa. Merckx alipona, lakini nyonga yake haikukaa tena kama zamani. Tangu siku hiyo kukaa kwenye kiti kulikuwa na maumivu. Alijulikana kwa kurekebisha kiti chake kila mara, hata katikati ya mbio. Naye alishinda hivyo hivyo kwa miaka. Basi kama bingwa huyo hakuona haya kushika spana kila siku, sisi tunaona haya ya nini?

KUJIZOEZA

Kiti kikiwa sawa, mwili nao unahitaji mazoezi. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 juu ya vilima vile. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na wengi waliacha njiani. Nao hao ni watu waliojizoeza tangu utoto. Lakini kijana wa kwetu anasikia kuna mbio za Nane Nane, anapumzisha baiskeli wiki nzima, halafu siku hiyo anataka kukimbia kilomita 80!

Anza na umbali unaouweza bila kuumia. Tuseme kilomita 10. Endesha siku nne kwa wiki. Kila wiki ongeza sehemu moja ya kumi, yaani kilomita 10 ziwe 11, halafu 12. Baada ya siku ngumu, siku inayofuata iwe nyepesi au ya mapumziko. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika, si wakati wa kukimbia. Kama wewe hulima kutwa nzima, hesabu jembe nalo kuwa zoezi.

Siku nyingi uendeshe kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Mara moja kwa wiki tafuta mlima, panda kwa nguvu dakika 3, shuka polepole, rudia mara 4. Hiyo inatosha.

Na zungusha, usisukume. Miguu inayozunguka haraka kwa wepesi huchoka kidogo kuliko inayokandamiza kwa nguvu. Hesabu mguu wa kulia kwa dakika moja. Kwenye njia tambarare ukipata mizunguko 60, kwa zile mita 5 zetu, unakwenda kilomita 18 kwa saa. Si haba. Ukiona kila mlima unakushinda, mwulize fundi akuongezee meno ya gia ya nyuma. Kama ina meno 18, weka ya meno 20 au 22. Huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa kipande. Mwendo wa tambarare utapungua kidogo, lakini magoti yatakushukuru mlimani.

Jaza upepo. Tairi laini hula nguvu, na ukiwa na mzigo ndiyo huharibika kabisa. Chukua maji safi na unywe kidogo kidogo, usingoje kiu kali. Safari ikizidi saa moja na nusu, chukua kiazi kitamu au ndizi mbivu.

ALAMA TATU

Kiti cha shemeji kilipanda sentimita 7 kwa jumla, kwa muda wa mwezi mmoja. Wiki ya kwanza alilipumzisha goti na maziwa yakaenda kwa wachuuzi. Kisha akaanza kwenda mjini siku moja moja na dumu moja. Mwezi wa tatu alikuwa anapanda mlima wa daraja bila kushuka. Goti bado humkumbusha wakati wa baridi, lakini vidonge ameacha.

Tatizo lililobaki lilikuwa la nyumbani. Baiskeli ni moja, na kaka ni mrefu. Jioni anakipandisha kiti aende kilabuni, asubuhi anasahau kukishusha, na mama anaondoka alfajiri akining'inia. Waligombana kwa ajili hiyo. Tukachukua rangi ya kucha ya binti yao, tukachora mstari mwekundu kwenye bomba la kiti kwa urefu wa mama, na wa pili kwa urefu wa baba. Spana imefungwa kwa kamba kwenye keria, haitoki. Atakayeikuta baiskeli kwenye alama isiyo yake anarekebisha mwenyewe, dakika moja, bila maneno.

Mwezi uliopita niliona mstari wa tatu, chini ya ile miwili. Nikauliza ni wa nani. Binti wa darasa la sita akasema, "Wangu, baba mdogo. Shule ni kilomita 5."